Miaka miwili nilificha kuvuja mkojo, na kila nilichofanya kuficha kilizidisha

Nina miaka 47 na siku nyingi bado navaa pedi. Nimeona nianze na hilo usije ukasoma mpaka chini ukitegemea nitakwambia nimepona kabisa, sijapona kabisa. Ila nimetoka kwenye kubadilisha nguo mara tatu kwa siku nikafika kwenye wiki nzima ya vitone viwili vitatu tu, na kwangu mimi hayo ni maisha mengine jamani. Nataka nieleze nilivyopita maana kipindi kile nilikua natamani mtu yeyote anieleze na sikumpata.

Ilianza taratibu baada ya mtoto wa tatu. Nikipiga chafya, tone. Nikiinua ndoo, tone. Nikauliza wakubwa wakasema ndo uzazi huo wote tuko hivyo, nikakubali. Mtoto akakua akaanza shule na kuvuja kuko palepale, alafu kikaja kitu kipya, kubanwa kwa ghafla, yaani uko sawa kabisa mara umeshabanwa na huna hata dakika moja ya kufika chooni. Siku niliyoogopa kweli ni siku ya kikao cha walimu, tulikaa masaa mawili, nasimama naona kiti changu kina alama ya maji kwenye kitambaa. Nikaweka mkoba juu yake haraka, nikajifanya natafuta karatasi, nikasubiri wote watoke ndo nikakifuta na sweta langu, mikono inatetemeka. Sidhani kama kuna aliyeona. Lakini njia nzima nilikua nawaza je kama kuna aliyeona akaninyamazia tu kwa huruma.

Kuanzia hapo nikaanza kuficha kwa bidii. Nikaacha kunywa maji kazini. Nikawa naenda chooni kila nafasi nikiipata hata kama sijabanwa, eti kujihami. Nguo nyeusi tu. Nikaacha kutembea jioni na wenzangu, nikaacha safari ndefu, kwenye mikusanyiko nakaa karibu na mlango. Na pedi za hedhi mbili mbili, moja juu ya nyingine.

Sasa hapa ndo kuna jambo lililonichoma nilipokuja kuelewa. Karibu kila kimoja hapo kilikua kinaniongezea tatizo.

Usipokunywa maji mkojo unakua mzito, rangi imekolea, na mkojo mzito unakichokoza kibofu kinabana zaidi, pia unajiweka kwenye hatari ya maambukizi ya njia ya mkojo, ile UTI, ambayo nayo inaleta kubanwa na kuvuja. Alafu bila maji choo kinakua kigumu, utumbo ukijaa unakandamiza kibofu. Kwenda chooni kila saa nako ni hivyohivyo. Kibofu cha mtu mzima kinaweza kubeba kama mililita 400 mpaka 500, na watu wengi wanakojoa mara 6 mpaka 8 kwa siku. Mimi nilivyokuja kuhesabu nilikua naenda mara 17! Kibofu changu kilishazoea kumwagwa kikiwa na kidogo, kwahiyo kile kidogo kikifika tu kinapiga kelele kama kimejaa. Kuacha kutembea kukaniongezea kilo, na uzito wa tumbo unakaa juu ya kibofu mchana kutwa. Na zile pedi za hedhi zimetengenezwa kwa damu, ambayo inatoka taratibu, mkojo unakuja kwa mkupuo unapita pembeni, ngozi inabaki na unyevu, nikapata vidonda mapajani ambavyo navyo nikavificha.

Kilichonipeleka hospitali ni hivyo vidonda, sio mkojo. Nilipanga nisimwambie dokta kuhusu mkojo. Akaangalia akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "mkojo unavuja tangu lini?" Nikalia. Alinisubiri nimalize alafu akaendelea na maswali na naomba uyajue maana ukienda na majibu yake kichwani inarahisisha sana: inavuja ukikohoa na kucheka au inavuja ukiwa unawahi choo? Usiku unaamka mara ngapi? Umezaa mara ngapi na uzazi ulikuaje? Choo kikubwa kinatoka vizuri? Unatumia dawa gani? Hilo la dawa usilipuuze, kuna dawa za presha zinazoongeza mkojo, na kuna nyingine zinaleta kikohozi kikavu ambacho kwa mtu anayevuja ni mateso. Usiache dawa mwenyewe lakini, sema ili wakubadilishie au wakupangie muda. Akapima mkojo kuangalia UTI na sukari, maana kisukari ambacho hakijagundulika kinakuja na mkojo mwingi hivyohivyo.

Alafu akanipa kazi ya daftari. Siku tatu naandika nimekunywa nini saa ngapi kiasi gani, nimekojoa saa ngapi (nilipima na kikombe cha kupimia), nimevuja saa ngapi nikiwa nafanya nini. Niliona ni usumbufu ila sijui kama kuna kitu kilinisaidia kama hilo daftari. Niliona kwa macho yangu kua asubuhi baada ya kahawa mbili ndo navuja sana, na kua nilikua naenda chooni kutoa mililita 80 tu. Kahawa, chai nzito, soda na pombe vinachokoza kibofu, mimi nimebaki na kikombe kimoja cha kahawa asubuhi basi, mengine maji, kama lita moja na nusu mpaka mbili kwa siku nikiyagawa mchana kutwa.

Kuvuja kuna aina, na usipojua yako utafuata ushauri wa mwenzako usikusaidie. Kuna ya kukohoa, kucheka, kuinua vitu, hiyo ni misuli ya chini na mlango wa kibofu vimelegea. Kuna ya kubanwa ghafla, hiyo kibofu kinajikaza chenyewe kabla ya muda. Mimi nilikua nazo zote mbili na ni kawaida kua nazo zote. Kuna ya kibofu kisichomwagika vizuri kinajaa mpaka kinafurika vitone vitone, hiyo inatokea kwa wanaume wenye tezi dume iliyovimba, na kaka zangu mnaosoma hapa msikae nayo. Na kama mkojo unatiririka mchana na usiku bila kukata hasa baada ya uchungu wa uzazi uliokaa muda mrefu sana, hiyo inaweza kua fistula, ni tundu kati ya kibofu na uke, mazoezi hayalizibi, inatibika kwa upasuaji na dada yangu huna kosa lolote.

Kwa upande wa misuli nikapelekwa kwa dada wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi. Mazoezi yenyewe wengi mmeyasikia, yanaitwa ya Kegel kwa jina la daktari Mmarekani Arnold Kegel aliyeyaandikia mwaka 1948. Mimi nilishayajaribu mwenyewe nyumbani nikasema hayafanyi kazi. Kumbe nilikua nasukuma chini badala ya kuvuta juu! Yule dada akanielekeza, jifanye unazuia upepo usitoke na mkojo usitoke kwa pamoja, vuta ndani na juu, matako na mapaja yatulie, na uendelee kupumua. Ukijikuta umebana pumzi ujue umekosea. Nashikilia sekunde chache, nalegeza kabisa, narudia mara 8, mara tatu kwa siku, na nikizoea naongeza mpaka sekunde 10. Kulegeza ni muhimu kama kukaza, watu wanasahau. Na usifanye tabia ya kukata mkojo katikati kama zoezi, kujaribu mara moja ujue misuli iko wapi sawa, lakini ukifanya kila siku kibofu kinaweza kuzoea kutomwagika vizuri.

Miezi mitatu ndo muda wa chini wa kuona matunda. Mwezi wa kwanza sikuona chochote na nilikata tamaa mara mbili. Kilichonirudisha ni kitu kidogo alichonifundisha, kukaza sekunde moja KABLA ya kupiga chafya au kuinua kitu. Hicho kilifanya kazi ndani ya wiki mbili hivi, siku ya kwanza napiga chafya mbele ya darasa na hakikutoka kitu, niliendelea kuandika ubaoni macho yamejaa machozi.

Kwa upande wa kubanwa ghafla ilikua vita nyingine. Mimi shida yangu kubwa ilikua mlangoni kwangu. Nimetembea njia nzima sina shida, natoa tu ufunguo kwenye mkoba, hapohapo kibofu kinafunguka. Ufunguo kwenye tundu, mkono unatetemeka, nimebana miguu, na mara nyingi nilishindwa hatua tatu kabla ya choo. Nikaambiwa wengi wanapata hiyo ya mlangoni, ubongo umeshaunganisha mlango na choo. Dawa yake ni kinyume cha ninachotaka kufanya: usikimbie. Ukikimbia tumbo linatikisika na kibofu kinakamuliwa. Simama au kaa, kaza ile misuli harakaharaka mara tano sita, pumua, fikiria kitu kingine mimi nilikua nahesabu kurudi nyuma kutoka 100 kwa saba saba, na ile hali inapanda alafu inashuka yenyewe, ikishashuka ndo unaenda kwa mwendo wa kawaida. Mara za kwanza nilivuja nikiwa nimesimama palepale mlangoni nahesabu. Nikaendelea tu.

Pamoja na hiyo nikawekewa ratiba. Daftari lilionyesha naweza kukaa dakika 45 bila shida, nikaanza na hizo, kila wiki naongeza 15. Wiki ya nne nikakwama nikairudia, wiki ya tisa nikafika masaa mawili na nusu, ambayo ni vipindi vya kutosha darasani. Nilipewa na vidonge vya kutuliza kibofu, vya kwanza vikanikausha mdomo na kunifunga choo nikarudi nikabadilishiwa, usinyamaze ukiona dawa inakutesa maana ziko za aina nyingi. Mazoezi na dawa vikishindikana kuna sindano za kwenye kibofu na kuna upasuaji, mimi sijafika huko. Uzito nao, ukipunguza hata asilimia 5 mpaka 10 ya kilo zako kama umezidi, kuvuja kunapungua.

Ngozi sasa, kwa kifupi: pedi zilizotengenezwa kwa ajili ya mkojo, badilisha ikilowa usisubiri ijae, maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kausha kwa kugusagusa na taulo usisugue, alafu mafuta mepesi ya kukinga kama yale yenye zinki. Tabaka jembamba tu, ukipaka mengi yanahamia kwenye pedi nayo haifyonzi tena. Kitanda natandika mara mbili, mpira na shuka, juu yake tena mpira na shuka, usiku kikilowa navua vya juu nalala sijasumbua mtu. Na miguu ikivimba mchana iinue jioni kama saa moja hivi, maji yale yatoke kabla hujalala badala ya kukuamsha usiku wa manane.

Mume wangu nilimwambia baada ya dokta. Miaka miwili nilikua nalala pembeni kabisa ya kitanda na yeye alishaamini simtaki tena. Nilimwambia kwa sentensi moja, "nashindwa kuzuia mkojo, ndo maana najitenga". Alikaa kimya alafu akauliza, "kwahiyo sio mimi?" Naumia mpaka leo nikikumbuka alivyouliza. Kama una mwenza mwambie, hata kwa meseji kama mdomo unakataa. Chumbani tunafanya mambo madogo tu, nakojoa kabla, taulo liko karibu, na hatuongelei zaidi ya hapo.

Kuna dalili za kutosubiri miadi. Damu kwenye mkojo, wahi. Umebanwa na mkojo hautoki kabisa, wahi siku hiyohiyo. Na kama umeanza kuvuja ghafla pamoja na mgongo kuuma, miguu kukosa nguvu au ganzi sehemu unazokalia, hiyo ni dharura ya mishipa ya fahamu ya mgongo, nenda saa hiyohiyo hata kama ni usiku.

Mwezi uliopita nilipata mafua makali, kikohozi wiki mbili, nikarudi kwenye pedi kubwa na nguo za akiba kwenye mkoba. Nilikasirika sana. Kikohozi kilipoisha ikanichukua kama wiki tatu kurudi nilipokua, kwahiyo ikikutokea usiseme kazi yote imepotea.

Mama yangu alikuja kunijulia hali wakati huo. Ana miaka 74. Aliona pakiti ya pedi zangu bafuni, akatoka nayo mkononi akauliza za nani. Nikamwambia zangu, nikamueleza. Akaigeuzageuza akisoma, akauliza kama zipo za mtu mwenye mwili kama wake. Kumbe analalia shuka lililokunjwa mara nne, tangu kabla baba hajafariki. Daftari lake tumeanza jana, mimi naandika yeye ananitajia, na Jumatano nampeleka kliniki.