Jibu: Gramu 25 za kabonati, mbona jibu si gramu 25?

Salaam alaykum, mdogo wangu. Umesema swali linachoma gramu 25 za kalsiamu kabonati, mlinganyo (CaCO₃ → CaO + CO₂) unaonyesha uwiano wa moja kwa moja, nawe ukaandika kalsiamu oksaidi inayobaki ni gramu 25. Mwalimu akakata.

Kwanza angalia hapa: ule uwiano wa moja kwa moja ni wa moli, yaani kipimo cha idadi ya chembe, si wa gramu. Nami nilikwama papo hapo kidato cha tatu, hadi nilipokumbuka tanuri za chokaa huku kwetu Lamu. Mawe ya matumbawe huingia mazito, hutoka mepesi, maana kabonidioksaidi imeshapaa na moshi.

Haya, hesabu. Uzito wa moli moja ya kabonati, kwa gramu: Ca 40, C 12, O 16 mara tatu: jumla 100. Gramu 25 gawa kwa 100, ni moli 0.25. Oksaidi ni 40 na 16, yaani 56. Zidisha kwa 0.25, wapata gramu 14.

Gramu 11 zilizopungua ndiyo ile kabonidioksaidi. Ijaribu: moli yake moja ni 12 na 16 mara mbili, yaani 44; 44 mara 0.25 ni 11. Mimi sikabidhi karatasi kabla ya kujumlisha hivyo.

Sehemu ya (b) picha yako imekatika, ipige tena.