Wa moyo asema aanze dawa, wa ubongo asema angoje: mfuate nani?

Umeuliza: baba amepata kiharusi, daktari wa moyo anataka aanze dawa ya kuzuia damu kuganda sasa hivi, wa ubongo anasema angoje kwanza, na nyinyi watoto hamjui mshike la nani. Msishike la mmoja. Waambieni wapigiane simu. Nimemuuguza halati yangu hapa Majengo na maradhi hayo hayo, na tulikwama papo hapo mlipokwama nyinyi.

Mjue kwanza kwamba hapo hakuna anayekosea. Wa moyo anaogopa donge la pili. Mapigo ya moyo yakienda ovyo, na hapo ndipo dawa hii hutakiwa sana, damu hutuama katika chumba cha juu cha kushoto cha moyo, ikaganda, na kipande kikichomoka huweza kupanda hadi kichwani. Mwenye mapigo hayo hatari yake ya kiharusi ni kama mara 5 ya asiye nayo. Wa ubongo naye anaogopa damu kuvuja. Sehemu ya ubongo iliyokufa mishipa yake imelegea, na dawa ikianza mapema damu inaweza kumwagikia humo humo. Jeraha likiwa kubwa, atataka kungoja zaidi. Wengi wamezoea kungoja siku 1, 3, 6 au 12 kabla ya kuanza dawa, kwa kufuata ukubwa wa kiharusi. Tafiti za karibuni zinaonyesha wagonjwa wengi wanaweza kuanza mapema kuliko hivyo, basi msishangae mmoja akiwa na haraka kumshinda mwenzake. Wa ubongo ameiona picha ya kichwa, wa moyo ameuona moyo kwenye eko (picha ya moyo ya mawimbi ya sauti). Uamuzi unataka zote mbili, na mkiwaachia kila mmoja faili lake, anayebeba habari kati yao ni wewe uliyechoka na hujui nusu ya maneno.

Presha ni vilevile. Siku ya kwanza walimwacha halati na presha ambayo kliniki ya moyo wangemkemea kwayo, ndugu zangu wakapiga kelele wodini. Kumbe ubongo uliokosa damu unaihitaji presha hiyo kwa muda, na kuishusha ghafla kunaweza kuzidisha madhara. Wa moyo mwenyewe ndiye aliyekuja kutueleza, tukatulia.

Pale ushirikiano wao ulipotufaa hasa ni kwenye aina ya dawa. Halati ana vali ya moyo (mlango wa kupitishia damu) iliyokaza tangu utotoni, yale matatizo yanayoanza na koo kuuma na viungo kuvimba. Kliniki ya kiharusi walimwandikia vidonge vipya visivyotaka kupima damu kila mara. Kwa wagonjwa wengi wa mapigo ovyo hivyo ndivyo bora. Kwa vali iliyokaza namna ile, sivyo: utafiti wa INVICTUS uliotoka 2022, watu zaidi ya 4,500 katika nchi 24, ulionyesha waliotumia dawa za kundi la warfarin, ile ya zamani ya kuzuia damu kuganda, walipata vifo na viharusi vichache kuliko waliopewa rivaroxaban, mojawapo ya vidonge hivyo vipya. Wa moyo alipoiona karatasi alimpigia mwenzake tukiwa tumekaa pale pale. Hawakubishana hata, dawa ikabadilishwa.

Warfarin ina kazi yake, nisikufiche. Kipimo cha INR, cha damu kinachoonyesha inachelewa kuganda kiasi gani, kikae kati ya 2 na 3. Mchicha na kisamvu asiache, ale kwa kiasi kile kile kila wiki, maana kupanda na kushuka ndiko kunakovuruga. Mwezi wa Ramadhani mwulize daktari kabla, kwani kula kunabadilika. Sisi kidonge kilikuwa cha jioni hata kabla, kwa hivyo baada ya futari hakikutusumbua. Dawa za maumivu ya magoti za dukani msimpe bila kuuliza, na miti shamba pia (najua kuna mtu ameshaleta chupa). Aspirini nayo isiwadanganye kwamba ni badala yake kwa mapigo ovyo, haitoshi.

Mwombeni mmoja wao aandike karatasi moja: dawa gani, kuanzia tarehe gani, nani anafuatilia INR, na akitokwa na damu mpigiwe nani. Mwenzake aione. Ikae pamoja na kadi ya INR kwenye mkoba wa anayemuuguza, kwa sababu kiharusi kikirudi, dawa ya kuyeyusha donge hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu alipoonekana mzima mara ya mwisho, na foleni ya feri ya Likoni imo ndani ya saa hizo. Akiwa yuko kwenye warfarin na INR imepita 1.7, dawa hiyo kwa kawaida hapewi, kwa hivyo wa dharura lazima aambiwe mlangoni.

Hukusema kama baba ana tatizo la vali au ni mapigo tu. Angalia ripoti ya eko. Ukiiweka hapa, ufute jina kwanza, wauguzi wamo humu watakusomea.