Kabla Hujanunua Pampu ya Usukani, Fungua Kifuniko

Juma lililopita msomaji mmoja wa Mbale aliniandikia, kwa adabu nyingi, kwamba usukani wa gari lake la zamani huguna kila asubuhi anapolitoa nyumbani, kwamba fundi wake amekwisha kumwambia pampu imekufa, na kwamba bei aliyotajiwa ni shilingi 600,000 za Uganda. "Mwalimu," akauliza, "ninunue au nisinunue?" Nilimjibu siku hiyohiyo kwamba asinunue kwanza. Hata hivyo jibu fupi la namna hiyo halimsaidii mtu ambaye fundi amesimama mbele yake na kitambaa begani, naye hana la kumjibu, na mimi najua vizuri hali hiyo ilivyo kwa sababu nilikuwa ndani yake kwa karibu mwaka mzima.

Gari langu ni Mercedes-Benz 200E ya mwaka 1991, niliyoinunua hapa Tororo kutoka kwa wakala wa forodha aliyekuwa anahamia Kampala. Wapo wanaonicheka kwa kuendelea kulitunza, lakini tangu sheria ya usalama barabarani iliporekebishwa mwaka 2018 na kuzuia kuingizwa nchini kwa magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa, sisi wenye mishahara ya kawaida tuliokwisha kuwa na gari la zamani tunajua thamani yake. Nawe unayesoma haya, nadhani huna haja ya kushawishiwa: unataka gari lako likufikishe Kampala na kukurudisha, bila kukopa kwenye chama cha akiba.

Mguno ulianza mwaka 2019. Mwanzoni ulisikika asubuhi tu, nilipokuwa nikikata usukani kurudi nyuma kutoka getini, na ulifanana na sauti ya ng'ombe aliye mbali. Kufikia mwezi wa pili ulikuwa unasikika hata gari likiwa na joto. Nililipeleka kwa fundi niliyemwamini, ambaye sitamtaja, naye alisikiliza kwa dakika moja, akazima injini, akasema pampu. Nilikwenda Kisekka, soko la vipuri la Kampala, nikanunua pampu iliyotumika kwa shilingi 450,000 kutoka kwa kijana aliyeniita "ssebo", yaani bwana, mara nyingi kuliko nilivyostahili. Pampu ile ilikuja bila tangi lake dogo la mafuta ya usukani, kwa hiyo fundi alilihamishia tangi langu la zamani, na mafuta aliyokuwa ameyamwaga kwenye beseni akayarudisha yaleyale, akisema kwamba bado ni mazuri na kwamba ananiokolea pesa.

Nilimshukuru. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilimshukuru.

Kimya kilidumu wiki tatu. Mguno uliporudi, fundi alisema nilikuwa na bahati mbaya ya vipuri, nikanunua pampu ya pili kwa shilingi 380,000. Safari hiyo nilithubutu kumuuliza kama hakuna filta katika mfumo ule, kwa sababu nilikuwa nimeona neno hilo kwenye kitabu cha gari. Alicheka, na vijana wake wawili wakacheka pamoja naye. "Mwalimu," akasema, "filta ni ya injini. Wewe fundisha watoto, magari tuachie sisi." Nimefundisha kwa miaka 22, na nimewahi kudharauliwa na wakaguzi wa shule, lakini sikumbuki kicheko kilichonikaa moyoni kama kile.

Pampu ya pili iliniaibisha Kampala, penye makutano ya Clock Tower, saa kumi na moja jioni, mama watoto akiwa kando yangu na mifuko ya sikukuu nyuma. Mafuta yalikuwa yamevuja njiani bila mimi kujua. Nilipokata kona, usukani ulipiga kelele, kisha ukawa mzito ghafla kama jiwe, na gari likasimama limekaa upande katikati ya bodaboda na matatu ambazo madereva wake hawakuwa na subira ya kusikiliza habari za pampu. Mfumo wa nguvu ukifa, usukani bado unazunguka, maana chuma kimeunganishwa na chuma hadi magurudumuni, ila unahitaji mabega ya mpiga makasia. Mama watoto hakusema neno mpaka tulipofika Mukono.

Aliyenifumbua macho alikuwa mzee mmoja wa Malaba, dereva mstaafu aliyeendesha malori ya Mombasa na Kampala kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Nilimkuta kwenye kibanda cha chai akisubiri mwanawe avuke mpaka. Nilipomaliza kumsimulia, aliuliza swali moja tu: "Mwalimu, katika hizo pampu mbili, kuna siku mtu yeyote alifungua kifuniko cha tangi akakuonyesha ndani?" Hakuna. Akatikisa kichwa, akaweka kikombe chini. "Pampu haifi yenyewe, baba. Pampu huuawa."

Alinieleza, kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi, jinsi mfumo unavyofanya kazi. Pampu huzungushwa na mkanda wa injini, husukuma mafuta kwa shinikizo kubwa hadi kwenye sanduku la usukani, nayo mafuta hayo yakishasaidia kusukuma magurudumu hurudi tangini kwa mpira wa shinikizo dogo. Ndani ya tangi la magari kama langu kuna filta ya karatasi, inayokamata unga wa chuma na vipande vya raba vinavyotoka kwenye pampu na kwenye sili, yaani raba za kuzuia mafuta yasivuje, zinazochakaa. Filta ikijaa, na mafuta yakiungua na kuwa mepesi kupita kiasi, uchafu ule huzunguka tena na tena na kusaga pampu kama mchanga. Ukifunga pampu nyingine juu ya mafuta yale, unailisha sumu ileile iliyoiua ya kwanza.

Jumamosi iliyofuata nilifanya kazi hiyo mwenyewe, na kijana wangu akinisaidia. Nilikuwa nimenunua filta kwa shilingi 35,000, lita mbili za mafuta kwa shilingi 50,000, na bomba kubwa la sindano kutoka duka la dawa za mifugo kwa shilingi 3,000. Muuzaji aliniuliza ng'ombe wangu ana ugonjwa gani.

Tuliinua mbele ya gari kwa jeki, tukaliweka juu ya stendi za chuma ili magurudumu yaning'inie, tukaweka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma. Usimlaze mtoto wa mtu chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Kisha nilifuta kifuniko na pembezoni mwake, kwa sababu mchanga utakaoingia wakati wa kufungua ni mbaya kuliko uchafu uliomo, nikafungua nati ya juu na kunyanyua.

Mafuta yaliyokuwa mekundu siku yalipotiwa yalikuwa meusi kama kahawa ya Bugisu iliyochemshwa mara mbili, na yalinuka kuungua. Niliyanyonya kwa bomba la sindano mpaka filta ikaonekana, nikaondoa springi inayoikandamiza, nikaipanga kwenye gazeti kwa mfuatano wa kutoka ili nisikosee wakati wa kurudisha, halafu nikavuta filta yenyewe. Ilikataa. Nilipoizungusha kidogo ilitoka na sauti ya kunyonya, na mikunjo yake ya karatasi ilikuwa imelaliana na kugandamana kiasi kwamba hukuweza kupitisha ukucha katikati. Chini ya tangi kulikuwa na tope laini. Nilichovya kidole, nikakipeleka juani, na kidole kiling'aa kama nimeshika mukene, wale dagaa wa ziwani: ulikuwa unga wa chuma wa pampu tatu, ile ya asili na mbili nilizozilipia. Kijana wangu aliuliza kama hayo ndiyo mafuta ambayo fundi alisema bado ni mazuri. Sikumjibu.

Tangi nililisafisha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Kisha nilifungua mpira wa kurudisha mafuta, nikauelekeza kwenye dumu, na ule mdomo wa tangi ulioachwa wazi nikauziba. Nilijaza mafuta mapya, kijana akawasha injini kwa sekunde moja au mbili tu na kuzima mara moja, mafuta machafu yakarukia dumuni, nikajaza tena, tukarudia. Hapa ndipo watu wengi huharibu, kwa kuiacha injini iendelee huku tangi limekauka, na pampu ikizunguka kavu hujila yenyewe. Baada ya raundi tano au sita, huku akikata usukani polepole kushoto na kulia, kilichotoka kilikuwa chekundu na safi. Nikaurudisha mpira, nikaweka filta mpya na springi yake, nikajaza mpaka kwenye alama, na nikabadilisha raba ya kifuniko kwa sababu ya zamani ilikuwa imekauka kama ngozi ya ngoma.

Kutoa hewa kunahitaji uvumilivu. Injini ikiwa imezimwa na magurudumu yakiwa juu, kata usukani mwisho hadi mwisho mara nyingi, kumi au zaidi, huku ukiangalia kiwango. Ndipo uwashe na urudie. Ukiona povu tangini, zima, nenda ukanywe chai, rudi povu likiisha. Mguno haukuisha palepale siku ile. Uliisha siku ya pili, baada ya hewa iliyobaki kutoka.

Jirani yangu aliniomba mafuta machafu apake nguzo za ua wake dhidi ya mchwa. Nilimkatalia kwa kuwa maji ya kisima chake na changu ni yale yale, akanuna. Niliyapeleka gereji moja inayokusanya mafuta machafu kwenye pipa.

Gari hilo limekwenda Kampala na kurudi mara zisizo na idadi tangu hapo, na mwezi uliopita lilikwenda hadi Kabale na kupanda makona yake yote bila kuguna hata mara moja, kwa pampu ileile ya pili ambayo fundi, nilipomkuta sokoni, aliapa kwamba haiwezi kuwa nzima. Nilimwalika aje asikilize. Hakuja.

Kwa hiyo nisikilizeni, ndugu zangu wenye magari ya zamani. Msikubali kuitwa wajinga na mtu ambaye hajafungua kifuniko. Someni kitabu cha gari kabla ya kununua mafuta, kwa maana mafuta ya usukani si ya aina moja: Toyota nyingi za zamani hutumia ATF, yaani mafuta ya gia otomatiki, ya aina ya Dexron II au III, Honda ina mafuta yake maalumu, na baadhi ya magari ya Ulaya hutumia mafuta ya kijani ambayo hayachanganywi na hayo mekundu. Mafuta ya breki yasiingie humo kabisa, hata kijiko kimoja, kwa sababu huvimbisha sili za raba na mfumo mzima huanza kuvuja. Msishikilie usukani mwishoni mwa kona kwa zaidi ya sekunde chache, jambo ambalo naona likifanywa kila siku na watu wanaopaki kwa nguvu kana kwamba wanafunga bao. Hapo shinikizo hufika kileleni na mafuta huungua. Na angalieni kiwango kila juma. Nasema tena, kila juma, kwa kuwa aibu yangu ya Clock Tower ilitokana na kutofungua kifuniko kwa muda wa dakika moja.

Wenye magari ya Kijapani mtaniambia kwamba hamna filta ya kubadilisha. Wengi wenu ni kweli, ila chini ya tangi mna wavu mdogo, na wavu nao huziba. Usiposafishika, hubadilishwa tangi lote, ambalo bei yake bado ni ndogo mno kuliko ya pampu.

Nawe ndugu wa Mbale, fanya hivi kabla hujatoa shilingi moja. Jioni ya leo gari likiwa limepoa, fungua kifuniko, chovya kijiti, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Likiwa jeusi na lina chembechembe, unajua pa kuanzia. Angalia pia mkanda, maana mkanda uliolegea huteleza na kupiga yowe asubuhi, na watu wengi wamenunua pampu kwa kosa la mkanda. Ukishabadilisha mafuta, ukasafisha wavu au kuweka filta mpya, ukatoa hewa yote, na mguno ukabaki hata baada ya siku tatu, basi nunua pampu kwa moyo mweupe. Ila siku hiyo usiende kazini. Simama palepale fundi anapomimina, uone kwamba mafuta yanatoka kwenye chupa mpya wala si kwenye beseni.