Hesabu elektroni kabla ya kuchora mshale

Wadogo zangu mnaosoma kemia hapa Dodoma, kuna swali lilinikosesha usingizi mwaka wa tatu: klorini au bromini ikiingia kwenye metali mbili zilizoshikana kwa bondi tatu (jozi tatu za elektroni kati yao), nini kinatokea?

Nilikuwa nimekariri mfano wa iridiamu, ambapo metali moja hutoa elektroni mbili peke yake. Kwenye mtihani nikaandika kwamba molibdenamu moja inapanda kutoka namba ya oksidesheni (hesabu ya elektroni ambazo metali imezitoa) +3 hadi +5 na mwenzake anabaki alivyo. Nikapata sifuri kwenye swali zima, na iliniuma.

Kilichonisaidia ni ubuyu. Jioni moja chumbani, mwenzangu alichukua mbegu tulizokwisha kumung'unya, akazipanga juu ya daftari: tatu upande huu, tatu upande ule. Hizo ni elektroni zinazoshikanisha molibdenamu mbili zenye isopropoksidi sita, yaani vikundi sita vya oksijeni na kaboni vilivyojishika kwenye metali. Mbegu sita, jozi tatu, bondi tatu. "Sasa leta peroksidi," akasema. Peroksidi ya isopropili inapovunjika katikati, inaleta isopropoksidi mbili, na kila metali inalipa elektroni moja. Akaondoa mbegu moja kila upande. Zikabaki nne: bondi mbili. Akarudi mwanzo, safari hii akaleta molekuli mbili za bromini. Kila metali ikalipa mbili, zikabaki mbegu mbili tu, bondi moja.

Metali zinachangiana gharama, na bondi yao ndiyo benki. Vipimo vya fuwele vinakubali, kwa umbali kati ya metali mbili: takriban pikomita 222 kwa bondi tatu, 252 kwa mbili, 273 kwa moja.

Kwa hiyo, kabla ya kuchora mshale wowote wa mmenyuko, andika namba ya oksidesheni ya kila metali, kisha hesabu elektroni zilizobaki katikati. Usiamini urefu peke yake, maana ligandi (vikundi vilivyojishika kwenye metali) zinazokaa kama daraja nazo huvuta au kusukuma metali.

Bondi nne kati ya metali mbili, ambazo mkemia F. A. Cotton alizieleza mwaka 1964 kwenye metali ya reniamu, zinafuata hesabu hiyohiyo. Chukueni molibdenamu mbili za +2 zenye kloridi nane, mziwekee asidi ya haidrokloriki. Haidrojeni inaishia kuwa daraja kati ya metali mbili, ikihesabiwa kama haidridi, yaani haidrojeni yenye chaji hasi. Pangeni mbegu nne nne, muone kila metali imelipa ngapi.