Binti anataka mkorogo, usianze na kumgombeza

Pole sana dada. Umesema binti yako wa miaka 16 anaomba hela ya krimu ya kung'arisha ngozi kisa matangazo anayoona kwenye simu, na ulishamfokea haikusaidia. Mi nakushauri kaa nae muyaangalie hayo matangazo pamoja, muoneshe zile picha za kabla na baada, taa imebadilishwa, filta imewekwa, yaani hata huyo modo mwenyewe akiamka asubuhi hana hiyo ngozi. Mwambie Ufaransa tangu 2017 picha ya biashara ikipunguza au kunenepesha mwili wa modo kwa kompyuta lazima iandikwe kwamba imerekebishwa, wasingeweka sheria kama watu hawadanganyiki. Halafu kwenye mikorogo usimfiche kitu, mingine imekutwa na zebaki inayoharibu figo, na haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, ambayo ukipaka muda mrefu inaweza kukuachia madoa meusi usoni yasiyotoka kirahisi. Mi nilijichubua nikiwa chuo, naumia mpaka leo. Na jamani hapo nyumbani acheni kusema mtoto mweupe ndo mzuri, hayo anayasikia kwa mashangazi kabla ya tangazo lolote. Kama ameshaanza kupaka mpeleke kwa daktari wa ngozi, na kopo lenyewe mwende nalo.