Nondo, skrepa na ushuru: majibu ya maswali yenu

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza kuhusu chuma: nondo, bati, skrepa, na huo mzigo wa Uchina unaosemwa kila mahali. Nimechagua saba. Nimezifupisha bila kubadili maana.

"Shikamoo. Naambiwa chuma kimeshuka bei duniani kwa sababu ya Uchina. Mbona huku kwetu nondo na bati haviteremki?" (Mama mjenzi, Chamazi, Dar es Salaam)

Marahaba, mama. Uliyoambiwa ni kweli. Uchina huyeyusha zaidi ya nusu ya chuma chote cha dunia, kama tani bilioni 1 kwa mwaka. Tangu 2021 biashara ya majumba ilipoporomoka kule, viwanda vyao havikuzima matanuri, vilitafuta wanunuzi nje. Mwaka 2024 walisafirisha zaidi ya tani milioni 110, kiasi ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 2015.

Lakini kati ya bandari ya Tianjin kule Uchina na Chamazi kuna mikono mingi. Bati lako lilianza kama koili, yaani bati bapa lililoviringishwa, iliyoshushwa bandarini; kiwanda kikalipaka zinki au aluzinki (mchanganyiko wa alumini na zinki), kikalikunja migongo. Nondo yako ama ilikuwa skrepa, yaani chuma chakavu, iliyoyeyushwa hapa hapa, ama ilikuja kama bileti, yaani vile vipande virefu vya chuma ambavyo kiwanda huvipasha moto na kuvivuta kuwa nondo. Tangu Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki ina daraja la ushuru la asilimia 35 kwa bidhaa ambazo nchi zetu zinasema zinaweza kuzitengeneza, na bidhaa nyingi za chuma zimo. Kwa baadhi ya bidhaa, nchi huomba utaratibu mwingine: asilimia kadhaa, au dola kadhaa kwa kila tani, kinachotozwa ni kile kilicho kikubwa.

Hapo kwenye "kile kilicho kikubwa" ndipo mteremko wako unapopotelea. Tuchukue mfano wa kubuni: ushuru ni asilimia 25 au dola 250 kwa tani. Tani ikiwa dola 600, asilimia 25 ni dola 150, basi unalipa 250. Bei ikishuka mpaka 500, asilimia 25 inakuwa 125, na bado unalipa 250. Uchina wameshusha dola mia, forodha haijashusha hata senti. Juu yake inakuja VAT, usafiri, na faida ya kila aliyeushika mzigo.

Kuna na muda. Kiwanda kikiagiza leo, mzigo unafika ghalani baada ya miezi miwili mitatu. Januari 2024 dola moja ilivuka shilingi 160 za Kenya, na miezi michache baadaye ikarudi kwenye 130. Aliyenunua koili kwa dola ya 160 hakuweza kumuuzia mteja kwa hesabu ya 130. Alisubiri mzigo ule uishe kwanza.

Mimi siupingi ushuru wenyewe. Kiwanda kinachoyeyusha chuma hapa kinaajiri watu, kinanunua umeme, kinamlipa anayesukuma mkokoteni wa skrepa. Ninachokipinga ni kubadilisha viwango kila mwisho wa Juni. Tanuri hulipiwa mkopo kwa miaka mingi, na mwenye tanuri hajui mwakani atakuwa analindwa au ameachwa. Asiyejua kesho yake hapunguzi bei leo.

"Nina duka la vifaa vya ujenzi. Siku hizi mawakala wananiletea nondo za mm 12 za bei mbili, na wateja wanataka ile ya chini. Nikikataa wanakwenda duka la jirani. Nifanye nini?" (Mfanyabiashara, Kahama)

Ndugu yangu, nunua mizani ya kuning'iniza, ile inayotumika kununulia mazao. Kisha shika hesabu moja tu: chukua unene wa nondo kwa milimita, zidisha kwa wenyewe, gawa kwa 162. Jibu ni kilo kwa kila mita. Nondo ya mm 12: 12 mara 12 ni 144, gawa kwa 162 unapata 0.89. Kwa urefu wa mita 12 ni kilo 10.7 hivi. Ya mm 10 ni kilo 7.4, ya mm 16 ni karibu kilo 19.

Mwaka jana nilikwenda na fundi wangu kwenye ghala moja, tukachomoa nondo moja katikati ya mtumba, si ile ya juu. Tuliifunga kamba katikati, tukaitundika kwenye ndoano, fundi akishika ncha moja isiyumbe. Mshale ukasimama kwenye 8.9. Tulirudia na ya pili: 8.9 tena. Maana yake nondo iliyopigwa chapa ya 12 ilikuwa na unene wa mm 11. Milimita moja haionekani kwa macho, ila chuma kilichopungua ni karibu asilimia 17. Tani moja ya nondo halali za mm 12 hutoa vipande 94 hivi. Kwa zile tulizopima, tani hutoa vipande 112. Vipande 18 vya ziada havikutoka hewani, vimetolewa kwenye nguzo za nyumba za watu.

Naliandika hili kwa uchungu, maana ndiko shinikizo la soko linakoishia. Skrepa ikipanda, umeme ukikatika katikati ya kuyeyusha, mshindani akishusha bei, kuna kiwanda kitakachoacha kushindana kwa ubora na kuanza kushindana kwa wembamba. Mwenye kiwanda mwaminifu hawezi kumfikia kwa bei. Kwa hiyo uza kwa kilo, si kwa kipande. Bandika kikaratasi ukutani: mm 12, mita 12, kilo 10.7. Mwache mteja apime mwenyewe kwako, halafu aende kupima kwa jirani.

"Kenya ilipopiga marufuku biashara ya chuma chakavu mwaka 2022 sisi wadogo tuliumia sana. Halafu ikaja ada ya kuingiza bileti. Haya mambo yanamsaidia nani?" (Mchomeleaji, Voi)

Pole, kaka. Marufuku ile ya Januari 2022 ilitokana na nguzo za umeme kuhujumiwa na nchi kukosa umeme. Sababu ilikuwa nzito. Lakini mwizi wa nguzo na mama anayeokota makopo na vyuma mtaani walifungiwa mlango mmoja. Viwanda vinavyoyeyusha navyo vilibaki bila malighafi, kwa sababu vingi vyao havitoi chuma kwenye mawe ya mgodini. Skrepa ndiyo mgodi wetu. Miezi michache baadaye biashara ilifunguliwa tena kwa masharti ya leseni, na nadhani leseni yenye kufuatilia mzigo umetoka wapi ndiyo njia iliyopaswa kuanza.

Ada ya bileti ni jambo jingine. Mwaka 2023 Kenya iliweka asilimia 17.5 kwa bileti kutoka nje ya Jumuiya. Mwenye tanuri alifurahi. Mwenye kinu cha kuvuta nondo tu, asiye na tanuri, alijikuta malighafi yake imepanda ghafla. Usishangae ukiwasikia wenye viwanda vya chuma wakigombana wao kwa wao: mmoja anauza kile ambacho mwenzake ananunua. Kwa maoni yangu ni haki kumpendelea anayeyeyusha, ila apewe na sharti la kumuuzia bileti yule asiye na tanuri. Bila hilo tumewakabidhi soko wachache.

"Tunafundishwa kwamba Liganga kuna chuma kingi. Kwa nini hakichimbwi tukaacha kuagiza?" (Mwanafunzi, Njombe)

Swali lako, mwanangu, limeulizwa tangu kabla hujazaliwa. Hesabu ya Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, ni tani milioni 126 za mawe ya chuma Liganga, na tani milioni 428 za makaa ya mawe Mchuchuma. Yote mawili yako Wilaya ya Ludewa, jambo la bahati kubwa. Mwaka 2011 NDC iliingia ubia na kampuni ya Sichuan Hongda ya Uchina, kisha mradi ukakwama kwenye masharti.

Lakini hata mkataba ungekuwa mzuri, jiwe lenyewe lina ukaidi wake. Limechanganyika na metali nyingine mbili, titani na vanadi. Titani ikiwa nyingi, taka inayoelea juu ya chuma kilichoyeyuka huwa nzito kama ugali, na tanuri la kawaida linaziba. Inahitajika teknolojia inayotenganisha, na ndiyo ghali. Upande wa pili, vanadi ina bei nzuri na hutumika kuimarisha chuma, kwa hiyo mwekezaji makini anahesabu vyote vitatu. Ongeza barabara za milima ya Ludewa na reli ambayo haijafika. Soma uhandisi wa madini. Watakaoifungua Liganga lazima waielewe hiyo titani kwa undani.

"Nauza bidhaa za kiwanda cha Arusha upande wa Kenya. Namanga wakanitoza ushuru kamili kana kwamba nimetoka Uchina. Si tuko Jumuiya moja?" (Msafirishaji, Arusha)

Muulize mwenye kiwanda kama malighafi aliiingiza kwa msamaha wa ushuru. Kama ndiyo, kanuni za Jumuiya zinasema bidhaa hiyo ikiuzwa nchi mwanachama nyingine inalipa ushuru kamili, kwa sababu mwenzako wa Kenya pengine aliagiza malighafi ileile bila msamaha. Kama hakuwa na msamaha na una cheti cha uasili wa bidhaa, kinachoonyesha imetengenezwa wapi, dai haki yako. Uliza kabla ya kupakia lori, si baada.

"Marekani imeweka ushuru wa asilimia 50 kwenye chuma. Sisi unatuhusu?" (Msomaji, Kampala)

Moja kwa moja, kidogo sana. Kwa kupitia mlango wa nyuma, ndiyo. Tangu Juni 2025 ushuru huo ulipofika 50, chuma kinachokosa soko kule kinatafuta bandari nyingine, na Mombasa na Dar es Salaam ni miongoni mwazo.

"Bomba la mafuta linapita Tanga, mabomba yametoka Uchina. Viwanda vyetu vya mabomba vinafanya nini?" (Mchomeleaji, Tanga)

Bomba lile la EACOP, linalotoa mafuta ghafi Uganda mpaka Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443 na upana wa inchi 24, la kubeba mafuta mazito yanayopashwa moto njiani. Viwanda vyetu hutengeneza mabomba ya maji, fremu za madirisha, square pipe za mageti. Kukunja bati nene kuwa bomba la inchi 24 na kulichomelea kwa kiwango cha mafuta ni kazi nyingine kabisa. Tulichopata ni kiwanda cha kuyavika mabomba hayo koti la kuzuia joto lisipotee, kule Nzega, na kazi ya kuyaunga kwenye njia ya bomba. Vijana wa Tanga waliopata vyeti vya kuchomelea bomba la mafuta watunze vyeti hivyo kama hati ya kiwanja. Kazi ya bomba ikiisha Chongoleani, linakoishia, mradi mwingine utaomba mikono ileile, na mwenye cheti hatahitaji kumsubiri mtu yeyote aweke ushuru wa kumlinda.