Binti Hasikii, Wazazi Tunasikia

SWALI: Shikamoo daktari. Binti yangu ana miaka miwili, hageuki hata sufuria ikianguka nyuma yake. Mimi na baba yake tunasikia vizuri. Mawifi wanadai nilikula kitu kibaya nikiwa mjamzito. Ni kweli? – Mama Rehema, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Maneno ya mawifi yaache huko huko. Huenda wewe na mumeo kila mmoja ana nakala moja yenye kasoro ya jeni (maelekezo ya urithi mwilini) ileile. Nakala nzima iliyobaki inawatosha. Mtoto akirithi mbovu zote mbili, hasikii, na kila mimba ina uwezekano wa moja kati ya nne. Katika sehemu nyingi za dunia, jeni inayohusika mara nyingi ni GJB2. Hutengeneza koneksini 26, vijilango vya kupitisha potasiamu kati ya seli za sikio la ndani. Vikiharibika, seli zenye vinyweleo zinazopokea sauti hushindwa kazi, na zikifa hazioti tena. Kijiji cha Adamorobe, Ghana, kina viziwi wengi kwa sababu hiyo, na kina lugha yake ya alama.

Homa ya uti wa mgongo na baadhi ya dawa za sindano pia huleta uziwi, kwa hiyo mpeleke Rehema kwa daktari wa masikio wiki hii. Lugha ya alama anza naye leo, usisubiri majibu.